Jalen Hurts si fimbo ya kuwachapia vijana

Siku hizi kwotabeki wa futiboli ya vyuo vya Marekani akipoteza namba na kutangaza kuhama, jina la Jalen Hurts halikawii kutajwa. Kijana ataambiwa amtazame Hurts, aliyetolewa uwanjani mbele ya taifa zima akiwa na miaka 19, akanyamaza, akabaki, na mwaka huohuo akaingia tena akaiokoa timu ileile iliyomweka benchi. Ataambiwa pia kwamba kizazi chake hakina subira.

Matukio hayo ni ya kweli, na mimi ni mmoja wa wanaomheshimu Hurts kwa namna alivyoyapita. Ninachokipinga ni somo linalochotwa humo. Ukiifuata safari yake hatua kwa hatua, kuanzia sekondari ya Channelview mpaka mchezo wake wa mwisho akiwa na jezi ya Oklahoma, utakuta sababu za kubaki kwake ambazo wanaomsifu hawazitaji, utakuta gharama aliyolipa ambayo hakuna anayeihesabu, na mwishowe utakuta kwamba Hurts naye alihama.

Kwa msomaji aliyezoea soka, jambo moja liwekwe wazi kwanza. Katika futiboli ya Kimarekani kila shambulizi huanzia mikononi mwa kwotabeki. Anapokea mpira kutoka kwa mwenzake aliye mbele yake, ana kama sekunde tatu za kuamua aupige pasi, amkabidhi mkimbiaji au akimbie nao mwenyewe, huku watu wenye kilo zaidi ya mia wakimjia. Nafasi hiyo ni ya mtu mmoja tu. Winga wa soka akikosa namba kushoto anaweza kuhamishiwa kulia, au kuingia dakika ya sitini. Kwotabeki wa pili hana upande mwingine wa kuhamia. Mwenzake akicheza vizuri na asipoumia, yeye anaweza kumaliza msimu mzima akitazama tu. Kwa hiyo kuwekwa benchi katika nafasi hii ni kitu kizito kuliko tunavyokijua sisi wa soka.

Channelview ni mji wa wafanyakazi mashariki mwa Houston, Texas, kando ya mfereji wa meli uliojaa viwanda vya mafuta na kemikali. Baba yake Jalen, Averion Hurts, alikuwa kocha mkuu wa timu ya shule, na kaka yake alicheza nafasi hiyohiyo kabla yake. Mtoto amekulia kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akiwasikiliza wakubwa wakisemwa na baba yake baada ya kufungwa. Wengi wanaoshangaa uso wake usiobadilika, iwe timu inaongoza au inachapwa, wasisahau kwamba alilelewa na kocha nyumbani na uwanjani kwa wakati mmoja.

Jambo la pili la Channelview linaonekana kwenye takwimu. Katika msimu wake wa mwisho wa sekondari alipiga pasi za yadi 2,384 na tachidauni 26, yaani mara 26 pasi zake zilileta alama sita kwa mpira kufikishwa eneo la mwisho la mpinzani, na akakimbia yadi 1,391 na tachidauni 25. Yaani miguu na mkono vilikuwa karibu sawa kwa sawa. Alishindana pia katika kunyanyua vyuma, na alikuwa akichuchumaa na kuinuka na pauni 500 mabegani, karibu kilo 227. Kijana wa namna hii ana baraka yenye mtego ndani yake. Mbele ya walinzi wa shule za sekondari, pasi ya kwanza ikionekana imezibwa, anakimbia tu na anafanikiwa. Hapati sababu ya kukaa sekunde moja zaidi kutafuta mpokeaji wa tatu. Hilo si kosa la mtoto. Kazi ya kumfundisha sekunde hiyo ya ziada ni ya chuo kitakachomchukua.

Chuo kilichomchukua ni Alabama, iliyokuwa chini ya Nick Saban, kocha aliyekwisha kutwaa ubingwa wa taifa mara nne hapo. Hurts alimaliza sekondari mapema na kuingia chuoni Januari 2016. Tarehe 3 Septemba mwaka huo, wiki chache baada ya kutimiza miaka 18, aliingia uwanjani dhidi ya chuo cha USC. Mpira wake wa kwanza ulimponyoka. Waliokuwa wakitazama walidhani kijana amekwisha kabla hajaanza, lakini aliendelea kucheza kana kwamba hakuna kilichotokea, akapiga pasi mbili za tachidauni na kukimbia nyingine mbili, na Alabama ikashinda 52 kwa 6. Mchezo uliofuata alianza yeye. Ilikuwa imepita miaka 32 tangu kijana wa mwaka wa kwanza aliyetoka moja kwa moja sekondari aanze mchezo wa Alabama katika nafasi hiyo.

Msimu ulikwenda vizuri mno: yadi 2,780 za pasi, yadi 954 za kukimbia, tachidauni 36 kwa njia zote mbili, na tuzo ya mchezaji bora wa mashambulizi katika kanda ya SEC, kanda ngumu kuliko zote. Lakini tazama namna alivyokuwa akichezeshwa. Lane Kiffin, kocha wa mashambulizi, alimjengea mpango wa pasi fupi za pembeni na michezo ambayo kwotabeki anamsoma mlinzi mmoja tu, kisha anaamua akabidhi mpira au akimbie. Ulikuwa mpango wa busara kwa kijana wa miaka 18, na ulishinda michezo. Tatizo ni kwamba mpango unaoshinda hauna haraka ya kubadilishwa. Timu ilikuwa ikivuna kutoka kwenye miguu ya Hurts, na mkono wake ulibaki shamba lisilolimwa.

Kisha makocha wakaanza kupita. Kiffin alikuwa amepata kazi ya ukocha mkuu Florida Atlantic, na akaondoka wiki moja kabla ya fainali ya taifa. Steve Sarkisian akashika usukani kwa mchezo mmoja, ule mkubwa kuliko yote, dhidi ya Clemson ya kwotabeki Deshaun Watson, Tampa, tarehe 9 Januari 2017. Hurts alifikisha pasi 13 kati ya 31 kwa yadi 131. Pasi moja kwa O.J. Howard ilikuwa ya yadi 68. Ukiitoa hiyo, pasi kumi na mbili zilizobaki zilizaa yadi 63. Mkimbiaji mkuu, Bo Scarbrough, alivunjika mguu katika robo ya tatu, na hapo ndipo ilipoonekana timu ilikuwa imeegemea wapi. Hata hivyo, zikiwa zimebaki dakika mbili na ushei, kijana huyuhuyu alikimbia yadi 30 na kuipa Alabama uongozi. Watson akajibu ikiwa imebaki sekunde moja. 35 kwa 31, Clemson bingwa.

Mwaka 2017 akaja kocha mwingine wa mashambulizi, Brian Daboll, kutoka NFL, ligi kuu ya kulipwa. Takwimu za Hurts za msimu huo huwa nazirudia sana, kwa sababu zina kitu kinachodanganya macho. Katika pasi 255 alizopiga, wapinzani walinasa moja tu. Ukiisoma haraka utasema huyu ni mwangalifu wa ajabu. Mimi naona kijana aliyefundishwa kutokosea kuliko alivyofundishwa kushambulia. Pasi ngumu ya katikati ya uwanja, ile inayopita kati ya walinzi wawili, hakuipiga. Alishika mpira, akatazama, akakimbia. Zaidi ya yadi 850 za miguu msimu huo zilitokana kwa sehemu na pasi ambazo hazikupigwa. Na kwa kuwa Alabama ilikuwa ikishinda, nani angelalamika?

Majibu yalikuja Atlanta, tarehe 8 Januari 2018, fainali dhidi ya Georgia. Mpaka mapumziko Alabama ilikuwa nyuma 13 kwa 0, na Hurts alikuwa amefikisha pasi tatu kati ya nane kwa yadi 21. Saban akambadilisha. Aliyeingia kipindi cha pili alikuwa Tua Tagovailoa, kijana wa mwaka wa kwanza kutoka Hawaii, mwenye mkono wa kushoto na ujasiri wa kupiga pasi ambazo Hurts alikuwa haruhusiwi au hajizoezi kuzipiga. Tagovailoa alipiga tachidauni tatu, ya mwisho ikiwa ya yadi 41 kwa DeVonta Smith katika muda wa nyongeza, na Alabama ikashinda 26 kwa 23.

Uamuzi ule ulikuwa sahihi kiuchezaji, na yeyote anayesema vinginevyo anabishana na ubao wa matokeo. Lakini kuna hesabu nyingine. Hurts alikuwa ameanza michezo 28 na kushinda 26. Rekodi ya namna hiyo kwa kijana ambaye hajatimiza miaka 20, na bado haikutosha kumlinda kwa dakika thelathini zaidi. Wanaosema michezo ya vyuo ni sehemu ya malezi waukumbuke usiku ule. Alitolewa kwa upungufu uleule ambao chuo kilikuwa kimeuacha kwa miaka miwili kwa sababu kilikuwa kinashinda nao.

Sasa twende kwenye kubaki kwake, maana hapa ndipo kwenye kiini cha hoja yangu.

Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, wakati ule zilimpa mchezaji miaka mitano ya kucheza misimu minne. Asiye na shahada akihama chuo kimoja kikubwa kwenda kingine, alitakiwa kukaa nje mwaka mzima, isipokuwa apate ruhusa maalumu. Mwenye shahada alihama na kucheza mara moja. Januari 2018 Hurts alikuwa amemaliza miaka miwili tu ya masomo. Angehama wakati ule, msimu wa 2018 angeutumia akifanya mazoezi bila kucheza hata mchezo mmoja. Akibaki, angekuwa mchezo mmoja tu mbali na kurudi uwanjani, na kwa bidii yake darasani angeweza kupata shahada Desemba na kuwa huru kabisa.

Kwa hiyo, kubaki majira yale ya baridi hakukuwa chaguo kati ya uaminifu na ubinafsi. Ilikuwa hesabu, tena hesabu nzuri. Baba yake hakuificha. Miezi michache baadaye alimwambia mwandishi wa habari kwamba mwanawe akikosa namba atakuwa mchezaji huru mkubwa kuliko wote katika historia ya futiboli ya vyuo. Na Hurts mwenyewe, Agosti, aliwaambia waandishi kwamba kwa miezi yote ya mazoezi hakuna mtu aliyemfuata kumuuliza anajisikiaje wala anawaza nini, makocha wakiwemo. Maneno hayo yalileta kelele nyingi kwa siku mbili tatu, kisha yakafukiwa chini ya hadithi nzuri iliyofuata. Mimi nayashikilia. Kijana mvumilivu si lazima awe kijana aliyeridhika.

Juni 2018 kanuni ikalegezwa: mchezaji angeweza kuingia katika michezo isiyozidi minne bila msimu huo kuhesabiwa katika minne yake. Hapo mlango wa tatu ukafunguka, na ulikuwa mzuri kuliko yote kwa maslahi yake. Angecheza michezo minne, akasimama, akachukua shahada Desemba, kisha akahama akiwa na misimu miwili mkononi, 2019 na 2020.

Jirani yao katika kilele cha vyuo, Kelly Bryant wa Clemson, alifanya hivyo karibu neno kwa neno. Huyu ndiye aliyepambana na Hurts katika nusu fainali ya Januari 2018, ambayo Alabama ilishinda 24 kwa 6. Septemba 2018, baada ya michezo minne, makocha wa Clemson walimpa nafasi kijana mpya, Trevor Lawrence. Tarehe 26 mwezi huo Bryant akatangaza kuondoka, na alisemwa vibaya sana. Siku tatu baadaye, tarehe 29, Alabama ilicheza mchezo wake wa tano dhidi ya Louisiana, na Hurts akaingia uwanjani.

Kuingia kule kulimgharimu msimu mzima. Hakuna kombe lililokuwa mezani siku hiyo. Mpinzani alikuwa mdogo na matokeo yalijulikana mapema. Lakini tangu dakika hiyo mwaka 2018 ukawa umeliwa, na kilichobaki kilikuwa msimu mmoja tu. Ikiwa kuna zawadi Hurts aliyoitoa kwa Alabama, ni hii ya Septemba 29. Ile ya Januari watu wanayoiimba ilikuwa na faida kwake pia. Na kinachonikera ni kwamba wanaomsifu hawaitaji siku hiyo kabisa, kwa sababu haina picha nzuri ya televisheni.

Picha nzuri ilikuja Desemba 1, katika uwanja uleule wa Atlanta, dhidi ya Georgia ileile, safari hii fainali ya kanda ya SEC. Robo ya nne, Alabama nyuma 28 kwa 21, Tagovailoa akaumia kifundo cha mguu. Hurts akaingia. Alipiga pasi kwa Jerry Jeudy ya kusawazisha, na ikiwa imebaki dakika moja hivi akakimbia yadi 15 za ushindi, 35 kwa 28. Alifikisha pasi saba kati ya tisa. Saban, ambaye si mtu wa kulia hadharani, alizungumza baada ya mchezo sauti ikimkwama. Nakiri kwamba sijaona wakati mwingine katika futiboli ya vyuo unaogusa kama ule. Mwezi huohuo Hurts akapokea shahada yake ya mawasiliano, na Januari 2019 akatangaza kwamba anahamia Oklahoma.

Jambo la kuangaliwa kwa makini ni mkono wake. Mwaka 2017 pasi zake zilizofika zilikuwa asilimia 60.4. Mwaka 2018, akiwa akiba, asilimia 72.9, ingawa pasi zote zilikuwa 70 tu na nyingi alizipiga mchezo ukiwa umeshaamuliwa. Mwaka 2019 akiwa Oklahoma, katika pasi 340, asilimia 69.7, na wastani wa yadi 11.3 kwa kila pasi aliyojaribu. Wastani wake wa 2016 ulikuwa 7.3. Huo ni mruko mkubwa mno.

Wapo watakaosema benchi ndiyo iliyomfundisha. Sehemu ndogo ni kweli. Mwaka ule wa 2018 Alabama ilikuwa imemleta kocha maalumu wa makwotabeki, Dan Enos, na Hurts aliyerudi Atlanta Desemba alikuwa akisimama imara zaidi kabla ya kupiga kuliko yule wa Januari. Ila benchi peke yake haifundishi mtu kupiga pasi. Makocha na mpango wa mchezo ndio wanaofundisha, na alichokipata Oklahoma ni kocha mkuu, Lincoln Riley, aliyekuwa ametoka kuwapeleka makwotabeki wawili mfululizo kwenye tuzo ya Heisman, inayopewa mchezaji bora wa vyuo: Baker Mayfield mwaka 2017 na Kyler Murray mwaka 2018. Wote wawili walikuwa wamehama kutoka vyuo vingine. Riley hakumwogopesha Hurts na pasi ndefu. Wapinzani walinasa pasi zake nane msimu ule, mara nane ya zile za 2017, na timu haikupungukiwa na kitu. Alipiga yadi 3,851 na tachidauni 32, akakimbia yadi 1,298 na tachidauni 20.

Katika mchezo wake wa kwanza, dhidi ya chuo cha Houston, jiji alilozaliwa, alipiga yadi 332, akakimbia 176 na kuhusika katika tachidauni sita. Waco, mwezi Novemba, Oklahoma ilijikuta nyuma 28 kwa 3 mbele ya Baylor. Hurts alichangia kuichimbia timu shimo hilo kwa kupoteza mpira zaidi ya mara moja, na yeye ndiye aliyeitoa: 34 kwa 31. Yule kijana wa 2017 aliyefundishwa kutokosea asingeweza kushinda mchezo ule, kwa sababu ulimtaka mtu akosee, kisha apige pasi ileile tena.

Safari iliishia Desemba 28, 2019, kwa mara nyingine Atlanta, uwanja uleule. LSU iliichapa Oklahoma 63 kwa 28 katika nusu fainali ya taifa, na Joe Burrow alipiga tachidauni saba kabla ya mapumziko. Burrow alikuwa ameshachukua Heisman, Hurts akiwa wa pili. Nafasi ya tatu ilikwenda kwa Justin Fields, na ya nne kwa mlinzi Chase Young. Ukiwatazama wale wanne waliofika hatua ya mwisho ya tuzo hiyo, makwotabeki walikuwa watatu, na wote watatu walikuwa wamehama. Burrow alikaa miaka mitatu Ohio State bila kuanza mchezo hata mmoja, akachukua shahada na kwenda LSU. Fields alikuwa akiba Georgia. Alikuwa uwanjani Desemba ile Hurts alipoiokoa Alabama, na mwezi uliofuata akahamia Ohio State kwa ruhusa maalumu ya kucheza mara moja.

Kwa hiyo, anayetaka kutumia mwaka wa 2018 na 2019 kuwafundisha vijana wasihame, amechagua ushahidi unaomkana. Kelly Bryant hakufika mbali Missouri, na hakuchaguliwa na timu yoyote katika drafti ya NFL, zamu ambayo timu huchagua wachezaji wapya kutoka vyuoni, ndiyo. Lakini Burrow alikwenda wa kwanza katika drafti ya 2020, na Hurts wa 53. Kilichowatenganisha hakikuwa nani alivumilia zaidi. Kilikuwa ubora wa mahali kila mmoja alipokwenda na nani alimpokea huko.

Kuna upande mwingine ambao haki yake haijatolewa, nao ni makocha. Hurts alicheza misimu minne ya chuo chini ya waongozaji watano wa mashambulizi. Kiffin aliondoka kabla ya fainali. Sarkisian alikaa mchezo mmoja, kisha akaenda NFL. Daboll alitwaa ubingwa Januari 2018 na ndani ya siku chache alikuwa Buffalo. Mike Locksley, aliyeongoza mashambulizi mwaka 2018, alichukua ukocha mkuu wa Maryland mwisho wa msimu. Enos naye akaenda Miami. Hurts alipofungasha virago Januari 2019, watu waliomfundisha kupiga pasi walikuwa wameshatoka mlangoni. Hata Riley hakukaa: Novemba 2021 aliiacha Oklahoma na kwenda USC. Hakuna hata mmoja wao aliyeambiwa akae nje mwaka mmoja kwanza.

Tangu 2021 kanuni zimebadilika. Mchezaji alianza kuruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje, baadaye hata hiyo mara moja ikaondolewa kikomo, na tangu Julai mwaka huo anaweza kulipwa kwa kutumia jina na sura yake. Kuanzia 2025 vyuo vyenyewe vinalipa wachezaji. Yapo madhara ya kweli humo. Wapo vijana wanaobadilisha vyuo vitatu na kutomaliza masomo, na wapo wanaokimbia kabla kocha hajapata nafasi ya kuwafundisha chochote. Kuhusu hao niko upande wa wanaohuzunika, na ningependa chama kiweke ulinzi wa masomo kwanza kabla ya kitu kingine. Lakini mjadala huo ufanyike kwa ukweli wake, bila kumvalisha Hurts vazi ambalo hakulivaa.

Februari 9, 2025, New Orleans, aliiongoza Philadelphia Eagles kuichapa Kansas City Chiefs 40 kwa 22 katika Super Bowl, fainali ya NFL, na kutangazwa mchezaji bora wa mchezo huo. Alifikisha pasi 17 kati ya 22. Baada ya siku hiyo, kocha yeyote anayemhitaji kwotabeki wa pili abaki ana sababu zaidi ya kulitaja jina lake, na sioni ubaya akilitaja kwa ukamilifu. Amweleze kijana kwamba Hurts alibaki akiwa na shahada mbele yake, na kwamba alilipa kwa msimu mmoja. Aongeze kwamba alipohama alikwenda kwa mwalimu bora wa nafasi yake aliyekuwapo nchini. Kisha kijana naye apewe nafasi ya kumuuliza kocha huyo mkataba wake unaisha lini, na kama msimu ujao bado atakuwapo kumfundisha.